Mwongozaji wa igizo la kujitolea: anabeba nini, anawaachia wenzake nini

Mazoezi yamepangwa saa kumi jioni. Saa kumi na nusu, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya kijiji, wamefika waigizaji sita kati ya kumi na wanne. Anayeigiza mama bado yuko gulioni anauza dagaa. Anayeigiza mume wake amepata abiria wa mbali kwenye bodaboda. Mwongozaji, ambaye asubuhi alikuwa shambani kama wenzake, ameshika daftari lake na anajiuliza: nianze au nisubiri?

Hali hii tumeikuta mara nyingi tunapokwenda kurekodi vikundi vya sanaa huku Kanda ya Ziwa. Na kila tunaporusha igizo hewani, vijana hutuuliza swali lilelile: tukitaka kuanzisha kikundi chetu, mwongozaji anatakiwa afanye nini hasa?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Vikundi vingi tulivyovifahamu havikuvunjika kwa kukosa vipaji. Vilivunjika kwa sababu hakuna aliyesema mapema nani anabeba nini. Mmoja alishika mswada, fedha, funguo za stoo na simu ya kikundi. Siku alipochoka, au alipogombana na wenzake, kila kitu kiliondoka naye.

Makala haya yanaeleza kazi ya mwongozaji wa kujitolea katika maigizo ya jamii, tangu siku ya kuchagua igizo hadi siku ya kurudisha viti vya kuazima.

Uongozi usio na mshahara

Mwongozaji wa kulipwa ana mkataba nyuma yake. Mwigizaji asipofika, anaweza kukatwa fedha au nafasi yake akapewa mwingine. Mwongozaji wa kujitolea hana fimbo hiyo. Hawezi kumfukuza mtu kazi ambayo si ajira.

Sisi tuliokulia Usukumani tuna mfano wa karibu. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, manju hawalipi wachezaji wake mshahara, lakini wanamfuata juani na vumbini. Wanamfuata kwa sababu anaijua kazi, anafika kabla yao, na ngoma ikisifiwa sifa ni ya wote. Mwongozaji wa igizo naye hupata uongozi wake kwa njia hiyo. Anaahidi mambo machache yaliyo wazi, anayatimiza, kisha anaweza kuwadai wenzake watimize ya kwao.

Kazi tano zinazochanganywa

Katika vikundi vidogo mtu mmoja anaweza kushika kazi mbili, na hilo si kosa. Kosa ni kutojua kwamba ni kazi mbili.

- Mwandishi anatunga hadithi na maneno. Wakati mwingine mwandishi ni kikundi chote, igizo likitungwa kwa majadiliano.
- Mwongozaji anaamua igizo litaonekana na kusikika vipi: nani aigize nini, asimame wapi, aseme kwa kasi gani, hadhira ijue nini kwanza na nini baadaye.
- Mratibu anashughulikia mambo ya nje ya igizo: vibali, uwanja, usafiri, barua kwa mtendaji, matangazo.
- Meneja wa jukwaa anatunza ratiba ya mazoezi, vifaa na maleba. Siku ya onyesho ndiye anayesema nani aingie na muziki uanze lini.
- Mtunza fedha anapokea, anaandika, anatoa kwa idhini.

Ushauri wetu kwa kikundi kinachoanza ni huu: hata mkiwa wachache, mwongozaji asiwe mtunza fedha, na siku ya onyesho asiwe meneja wa jukwaa. Sababu za yote mawili zitaonekana hapa chini.

Tulikotoka: Malya na Kamiriithu

Sanaa ya namna hii ina historia hapa kwetu. Malya, wilayani Kwimba, leo wengi wanaijua kwa chuo chake cha michezo. Lakini mwaka 1982 na 1983 kijiji hicho kilipokea wasanii na walimu kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Hawakuja na mswada mkononi. Walianza kwa kuzungumza na wanakijiji kuhusu matatizo yao, na moja lililojitokeza ni wasichana wa shule kupata mimba. Maonyesho yalitokana na mazungumzo hayo, yakatumia ngoma na sanaa ambazo watu wa pale walikuwa nazo tayari, na baada ya onyesho watu walikaa kujadili.

Miaka michache kabla ya hapo, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Mwaka 1977 walionyesha hapo mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuongozwa na Kimani Gecau. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji waliokuja kutazama walisahihisha maneno ya mswada pale ambapo mzee hakuongea kama mzee anavyoongea. Maonyesho hayakudumu. Mwezi Novemba mwaka huohuo serikali iliondoa kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini.

Tunachukua mambo mawili katika historia hiyo. Kwanza, mwongozaji wa jamii anasikiliza kabla ya kuelekeza, na anakubali kusahihishwa na mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani. Pili, igizo linalogusa maisha ya watu lina madhara ya kweli, mazuri na mabaya, na mwongozaji hawezi kusema ulikuwa mchezo tu.

Kabla ya mazoezi ya kwanza

Kazi ya kwanza ni kuchagua igizo linalowezekana. Mswada wa watu ishirini wenye nyumba ya ghorofa na mvua jukwaani hauwafai watu tisa wenye mkeka na viti vitatu. Mwongozaji ausome mswada mara tatu: mara ya kwanza kama mtazamaji, mara ya pili akihesabu wahusika na vifaa, mara ya tatu akijiuliza nani anaweza kuumizwa na igizo hili.

Ya pili ni haki za mwandishi. Wengi hudhani tamthilia inayosomwa shuleni ni mali ya kila mtu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kuhusu Vita vya Maji Maji, ilichapishwa mwaka 1969 na vizazi vya wanafunzi vimeisoma. Lakini kununua kitabu ni kupata nafasi ya kukisoma. Kukipeleka mbele ya hadhara ni jambo jingine, na linahitaji ridhaa ya mwenye haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kikundi kikitunga chenyewe, kiandike mapema kwamba mswada ni wa kikundi au ni wa fulani. Ugomvi wa umiliki huzuka igizo likishapendwa.

Ya tatu ni vibali. Vikundi vya sanaa nchini hujisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Mratibu amwone afisa utamaduni wa halmashauri mapema, aelezwe kikundi chao kinahitaji nini kwa onyesho lao. Asisubiri jukwaa lisimamishwe ndipo aanze kuuliza.

Ya nne ni usaili. Kijijini kila mtu ni ndugu, rafiki au jirani, kwa hiyo kuchagua mmoja ni kumwacha mwingine. Mwongozaji awape wote kipande kilekile cha maneno, awasikilize mbele ya watu wawili wengine, na aeleze sababu za uamuzi wake. Aliyekosa nafasi kubwa apewe kazi ya kweli, kama vile kuwa mwigizaji wa akiba, kutunza maleba au kufuatilia mswada na kuwakumbusha wenzake maneno.

Ya tano ni makubaliano. Ukurasa mmoja unatosha: siku za mazoezi, saa ya kuanza, mtu akipata dharura amjulishe nani, fedha zikipatikana zitagawanywa vipi. Usomwe kwa sauti, kila mtu aweke sahihi au dole gumba.

Mazoezi ni muda wa watu

Tuchukue igizo la dakika 40. Kikundi kinakutana mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara, kwa wiki sita. Hiyo ni mikutano 18, saa 36. Zinaonekana nyingi. Lakini kila mkutano ukichelewa kuanza kwa nusu saa, kikundi kimepoteza saa tisa, yaani robo ya muda wote. Aliyekuwa anafika kwa wakati ndiye ameibiwa zaidi.

Dawa moja ni kupanga mazoezi kwa onyesho dogo dogo badala ya kuita wote kila siku. Kama Jumanne inafanyiwa kazi sehemu ya mama na binti, hakuna haja ya mwenyekiti wa kijiji na polisi wa kwenye igizo kukaa wakitazama simu. Waitwe wanaohitajika. Siku ya gulio isiwe siku ya mazoezi, na msimu wa kuchuma pamba usiwe msimu wa kuandaa igizo kubwa. Kila mhusika mkuu awe na mwigizaji wa akiba anayeyajua maneno, kwa sababu malaria na misiba haipigi hodi.

Namna ya kusahihisha nayo ni sehemu ya kazi. Mtu mzima aliyejitolea akifokewa mbele ya watoto wake hatarudi. Mwongozaji anayejua kazi humwacha mwigizaji amalize, kisha anamwambia jambo moja la kubadilisha, si kumi. Mkubwa kwa umri husahihishwa kwa heshima yake, ikibidi pembeni: "Mama, hapo tujaribu tena ukiwa umemgeukia binti."

Sisi wa redio tuna ombi la ziada, la sauti. Tumerudi studio mara nyingi na rekodi ambamo watu watatu wanasema kwa pamoja na upepo unawamaliza. Hadhira ya uwanjani nayo hukosa maneno hayohayo. Mwongozaji aende akasimame mahali atakaposimama mtu wa mwisho, kule bodaboda zinakoegeshwa, afumbe macho, asikilize. Asichokisikia hapo, mswada haukukisema.

Hadithi hii ni ya nani?

Hapa tunaeleza jambo tulilolishuhudia sisi wenyewe. Siku moja ya gulio tulikwenda kurekodi igizo kuhusu mwanafunzi aliyepata mimba. Kikundi kilikuwa kimekusanya visa vya kweli katika vijiji vya jirani, na waigizaji walikuwa hodari. Watu walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Kisha anayeigiza mama akatamka msemo ambao mwanamke mmoja pale, muuza vitumbua, alikuwa na mazoea ya kuutumia. Vichwa viligeuka kumtazama. Yule mama akafunika ndoo yake, akajitwisha, akaondoka.

Hakuna jina lililotajwa. Hakuna aliyekosea maneno yake. Mwigizaji alikuwa ameuongeza msemo ule katika mazoezi ya mwisho kwa sababu ulikuwa unachekesha, na mwongozaji akauacha.

Onyesho lilipokwisha, mwongozaji, kijana wa miaka ishirini na kitu, alitufuata na kutuomba tusirushe rekodi ile. Sisi tulikuwa na kipindi kinachoisubiri jioni hiyo. Tulibishana naye dakika kumi kabla ya kukubali, na dakika hizo kumi hatujivunii. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa yule mama pamoja na mzee wa kitongoji na mwanamke mmoja mtu mzima, kuomba radhi. Baadaye alitusimulia kwamba yule mama hakufoka. Aliuliza swali moja tu: alishindwa nini kwenda kumuuliza kabla?

Tangu hapo, kila tukizungumza na vikundi tunasisitiza mambo yafuatayo kuwa wajibu wa mwongozaji mwenyewe:

- Aliyetoa kisa aelezwe kitatumika wapi na mbele ya nani, na aulizwe tena igizo likikamilika. Ana haki ya kukataa hata siku ya mwisho.
- Visa kadhaa vichanganywe kuwa kimoja, na kazi, umri, mahali, misemo na mwendo wa mtu vibadilishwe.
- Mtu mmoja wa kijiji husika aalikwe kutazama mazoezi ya mwisho, aulizwe: hapa kuna mtu unayemtambua?
- Kisa cha mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kisichukuliwe jinsi kilivyo, hata mzazi akiruhusu.
- Kurekodi ni ruhusa ya pili. Kukubali kuonyeshwa uwanjani si kukubali kurushwa redioni au kwenye simu za watu.

Siku ya onyesho

Siku hii kazi ya mwongozaji inapungua, na wengi hawalikubali hilo. Wanasimama pembeni ya jukwaa wakinong'ona maelekezo, na mwigizaji anabaki na mabwana wawili. Ndiyo maana tulisema meneja wa jukwaa awe mtu mwingine. Mazoezi ya mwisho yakishapita, anayetoa amri ni mmoja, naye ni meneja wa jukwaa. Mwongozaji akae na hadhira, aandike wapi walicheka, wapi walinyamaza, wapi walianza kuongea mambo yao.

Kabla ya hapo ahakikishe usalama. Nyaya za jenereta zisipite kwenye njia ya watoto, jukwaa la mbao lijaribiwe na watu wazima, panga la kwenye igizo liwe la mbao au maboksi, na wasichana wa kikundi wawe na mahali pa faragha pa kubadilishia nguo na namna ya kufika nyumbani giza likiingia.

Vikundi vingi sasa hutumia igizo la majadiliano, ambapo mtazamaji anasimamisha igizo na kuingia mahali pa mwigizaji ili ajaribu suluhisho lake. Namna hii ilienezwa na Mbrazili Augusto Boal kuanzia miaka ya 1970. Inahitaji mwezeshaji wa kuongea na hadhira, na ni vizuri asiwe mwongozaji. Mwongozaji amelilea igizo wiki sita, na mtazamaji akisema halina ukweli, atataka kulitetea. Mwezeshaji atauliza: kwa nini unasema hivyo?

Fedha na kilichobaki

Kujitolea hakumaanishi fedha hazitapita kabisa. Halmashauri au shirika likihitaji igizo la kampeni, kikundi kinaweza kupewa chochote. Hapo ndipo urafiki wa miaka huvunjika kwa siku moja. Kiasi kilichopokelewa kitangazwe mbele ya wote siku hiyohiyo. Nauli, maji na maleba yaliyoazimwa vilipwe kwanza, posho ifuate, sawa kwa sawa au kwa namna iliyo kwenye makubaliano. Mwongozaji akishika yeye fedha hizo, kesho akimwambia mtu amechelewa atajibiwa kwa habari ya posho. Ndiyo maana tukasema asiwe mtunza fedha.

Baada ya onyesho kuna jambo jingine ambalo vikundi havijiandai nalo. Mtu anaweza kumfuata mwongozaji gizani na kusema: lile mliloigiza linanitokea. Mwongozaji si mshauri nasaha wala polisi. Wajibu wake ni kusikiliza, kutomtangaza, na kujua pa kumwelekeza: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Maelekezo hayo yawe mfukoni mwake kabla igizo halijaanza.

Ndani ya wiki moja kikundi kikutane tena, mswada uliosahihishwa uandikwe upya, vifaa virudishwe kwa wenyewe. Na mwongozaji achague mtu mmoja wa kumsaidia katika igizo lijalo, ambaye siku moja ataongoza yeye.

Turudi chini ya mwembe. Saa kumi na nusu, watu sita, mwongozaji ana daftari mkononi. Jibu letu ni kwamba hakupaswa kufika saa kumi na nusu akijiuliza. Saa kumi kamili angeanza na hao waliopo, kwa sehemu inayowahusu hao. Mama wa dagaa akifika atakuta wenzake wako katikati ya kazi, atajipangusa mikono na kuingia. Na wale sita watakwenda nyumbani wakijua muda wao haukuchezewa.